Maabara ya Kuazima

Siku tuliyomzika Mwalimu Leokadia huko Kidahwe, msoma wasifu alisimama kando ya jeneza, akaweka miwani sawa, akasoma kwamba marehemu alianza kazi katika shule ya sekondari "iliyokuwa na maabara kamili ya kemia na fizikia." Mimi, Sharifa na Filbert tulikuwa tumekaa viti vya nyuma, wazee watatu tuliofundishwa naye darasa moja karibu miaka hamsini iliyopita. Sharifa alinibana mkono. Filbert akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi nilijifunika khanga usoni, mabega yakitikisika, mpaka mama mmoja jirani akanipapasa mgongo akisema, "Pole mama yangu, ni kazi ya Mungu." Nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikaishiwa, na hapo ndipo machozi yenyewe yalipokuja, nikalia kuliko ndugu wa marehemu.

Msoma wasifu hakutunga. Alinakili yaliyomo kwenye faili la utumishi. Lakini mimi najua uongo ule uliingiaje humo, kwa kuwa ulipitia mdomoni mwangu. Njiani kurudi mjini Filbert alisema, "Tausi, wewe ndiye uliyebaki mwalimu kati yetu. Liandike hili jambo kabla hatujaisha." Nikamwambia aache uchuro. Usiku huohuo nikatafuta daftari.

Habari za kwetu na za walionizaa hazina kazi hapa. Nichukueni nikiwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, bweni la wasichana la shule iliyokuwa upande wa Bangwe, miaka ile watu wa mabondeni walipokuwa wakihamishiwa kandokando ya barabara ya Kasulu kuanzisha vijiji vya ujamaa, na sisi wanafunzi tukilima muhogo wa shule kwa jina la kujitegemea. Mwaka ninaousimulia haukuanza Januari. Ulianza na barua, mwezi wa kumi na moja, ukaisha na mtihani, mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata. Chumba chetu cha sayansi zamani kilikuwa ghala la mawese. Kuta zake zilikuwa na rangi ya chungwa mpaka usawa wa kiuno. Hata zikipakwa chokaa, mafuta yalijitokeza tena baada ya mvua moja, na jua la mchana lilipopanda chumba chote kilinukia chungu cha mboga. Ndani mlikuwa na meza mbili ndefu, mirija ya majaribio sita, mmoja una ufa, chupa ya mrututu wa buluu, na kabati kubwa lenye kufuli, tupu. Bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bilula kwa chini, wa kudondoshea na kupimia tone kwa tone, tuliujua kwa chaki. Mwalimu aliuchora ubaoni, nasi tukauchora daftarini, na Filbert aliyekuwa na mkono mzuri alitia hata kivuli.

Mwalimu Leokadia alikuwa na miaka ishirini na minne, Muha wa Kasulu, mfupi, sauti yake ndogo kiasi kwamba ilibidi unyamaze ili uisikie. Kwa hiyo tulinyamaza. Siku moja aliingia na sufuria ya maji aliyochemshia maua mekundu yaliyopandwa mbele ya ofisi ya Mkuu wa shule. Akayamimina kwenye glasi mbili. Ya kwanza akatia maji ya majivu, yale wanayotengenezea sabuni ya mawese akina mama wa Ujiji, yakageuka kijani. Ya pili akakamulia ndimu, yakawaka wekundu. Kisha akaniita mimi mbele, akanipa nusu ya ndimu, akaniambia niirudishe ile glasi ya kijani ilikotoka. Nilikamua kidogokidogo, nikaona kijani kinakufa na wekundu unarudi, na mwili wangu wote ukasisimka. Sikuwa na jina la kilichonipata. Nilijua tu kwamba nataka kufanya kazi hiyo mpaka niwe bibi kizee, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini wakati huo kulikuwa na tetesi kwamba shule zisizo na vyombo zitaondolewa kemia; wavulana wangeongezewa kilimo, na wasichana tungehamishiwa upishi na ushonaji. Kupika nilikuwa najua tayari. Darasa la kemia tulikuwa kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa na hofu yake.

Ndipo ikaja barua. Jiko la shule lilipakana na chumba cha walimu, na ukuta uliotugawa haukufika darini, kwa hiyo aliyekuwa na zamu ya jikoni alijua mambo ya shule kabla ya walimu wengine. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa yangu na Sharifa. Tulikuwa tunamenya mihogo ya chai tuliposikia Mkuu, Mzee Songoro, akiwasomea walimu: nchi rafiki imeleta masanduku ya vyombo vya maabara, mkaguzi atazunguka mkoa wetu na mikoa jirani, masanduku yatapewa shule zenye upungufu mkubwa zaidi. Sharifa alishika kisu hewani. Mimi nilishaanza kuviona vile vioo kwenye lile kabati.

"Sasa walimu," Mkuu akaendelea, "mimi nimezaliwa Ujiji. Kwetu mgeni haingizwi nyumba isiyo na mkeka. Kama huna, unaazima. Nani humu hajapata kuazima sahani?"

Walimu wakacheka.

"Mtu atoke Dar es Salaam, siku mbili tatu ndani ya garimoshi, aje aone kabati tupu? Atasema hawa hata kijiko hawawezi kukitunza, tutawakabidhije vioo? Hapana. Akute shule."

Kisha ikasikika ile sauti ndogo. "Samahani, Mkuu. Barua inasema upungufu."

"Upungufu ni jambo moja, Mwalimu. Uchi ni jambo lingine."

"Ego, Mkuu," akasema Mwalimu Leokadia. Alikuwa amemjibu kwa Kiha, ndiyo ya binti kwa baba yake, na nilijua neno limekwisha. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, na hakuna mtu ndani ya chumba kile ambaye hakuijua methali hiyo. Lakini binti wa miaka ishirini na minne angeisemaje mbele ya mzee wa umri wa baba yake? Tena niseme kweli: mimi mwenyewe, kisu mkononi na ganda la muhogo miguuni, niliona Mkuu amesema maneno ya hekima. Mama yangu mzazi aliazima vikombe kila alipokuja shemeji.

Basi tukaazima. Mkuu alitugawa makundi, akatuandikia vikaratasi vyenye mhuri wa shule, tukatawanyika mjini na makapu yaliyotandikwa nyasi. Karakana ya reli ilitupa vipimajoto viwili, kipimo cha mvuke chenye mshale, na jiliwa zito la kubania vyuma ambalo wavulana wanne walilibeba kwa miti kama maiti. Ofisi ya uvuvi ilitupa mitungi ya samaki waliolowekwa kwenye spiriti, kuhe mwenye macho meupe na nonzi aliyejikunja. Hospitali ilitupa hadubini, bureti moja ya kweli na mirija ya majaribio dazeni tatu, vyote vikisindikizwa na mtunza maabara, Mzee Benedikto, mtu mrefu mwembamba aliyetembea kando ya kapu njia nzima akisema, "Taratibu, taratibu, hicho si kibuyu." Mimi na Sharifa tulipelekwa Ujiji kwa sonara mmoja aliyeitwa Papa Mulenda. Alikuwa na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, laini kiasi kwamba ukiiwekea unywele inainama. Alitutazama, akatazama mhuri, akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Hii mizani iko ya baba yangu. Alivuka nayo ziwa, aliishika hivi, kifuani. Mtarudisha?" Tukasema tutarudisha, Papa. Akaifunga kwenye shuka, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akaongeza na kichupa cha zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi alizotumia kama mawe ya kupimia dhahabu.

Ilibaki shida ya kuvichanganya. Katika harusi za Ujiji sahani zikishaazimwa nyumba kumi, kila mwenye chake hutia alama, uzi au tone la rangi chini, ili kesho yake asije akapewa sahani ya mwenziwe ikaleta ugomvi wa miaka. Sisi tukafanya hivyohivyo. Uzi mwekundu ulikuwa wa hospitali, wa buluu wa reli, mweupe wa uvuvi, na wa kijani wa Papa Mulenda. Tulifunga mafundo madogo kila shingo ya chupa na kila mguu wa chombo. Jioni ile ghala la mawese liling'aa. Mwalimu Leokadia aliingia, akaiinua bureti kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Alikuwa hajaishika tangu atoke chuoni. Akatufundisha haraka haraka, mimi nikapewa mizani, Filbert hadubini, Sharifa bureti, na tulirudia mpaka kengele ya chakula.

Mkaguzi alifika kesho yake, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Wapishi walikuwa wamempikia samaki wa migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, akala vizuri, akanawa, akasema twendeni. Mkuu aliongoza akiwa na kanzu nyeupe na koti jeusi. Mgeni alipoingia kwenye chumba alisimama mlangoni kabisa. "Ala!" akasema. Alizunguka meza polepole akishika hiki na kile, na alipoona nyuzi akauliza zina maana gani. Mkuu akajibu, "Ni utaratibu wetu wa kutunza, Bwana Mkaguzi. Kila rangi na fungu lake." Haukuwa uongo kabisa. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa heshima, akaandika sana kwenye daftari lake. Kisha akaja kwangu. Akaniambia nipime punje ya chumvi. Nilifungua kile kidirisha cha kioo, nikaziweka mbegu upande mmoja na chumvi upande wa pili, nikangoja sindano itulie bila kupumua, nikamsomea. Nilifanya vizuri. Mpaka leo sijui kama nimepata kufanya jambo vizuri kiasi kile.

"Safi sana, binti," akasema. "Na mnaitumia hii mara ngapi kwa wiki?"

Mwalimu Leokadia alikuwa upande wangu wa kushoto, anatazama sakafu. Mkuu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

"Mara mbili," nikasema.

"Hongereni," akasema mkaguzi, akamgeukia Mkuu, akampa mkono. "Mzee, laiti shule zote zingekuwa hivi. Ninyi hamna shida." Na mimi nilifurahi, msije mkadhani vinginevyo. Nilitoka nje kifua mbele. Kati ya watu wote waliokuwa kwenye ghala lile, Mwalimu Leokadia peke yake alibaki ndani, na tuliporudi kuchukua makapu tulimkuta ameishikilia ile bureti yenye uzi mwekundu.

Vyombo vilirudishwa siku ya tatu. Barua ilikuja baada ya wiki sita. Zamu ya jikoni haikuwa yetu, lakini haikuhitajika; Mwalimu Leokadia alikuja nayo darasani akatusomea mwenyewe, kwa ile sauti yake, neno kwa neno. Wizara iliipongeza shule kwa maabara yake na utunzaji wake wa mfano. Masanduku yamepelekwa kwa wahitaji zaidi, shule moja ya huko kwenye reli. Na kwa kuwa shule yetu ina vyombo vyote, wanafunzi wake wa kemia watafanya mtihani wa vitendo kamili, kila mtahiniwa na vyombo vyake, badala ya ule wa karatasi unaofanywa na shule zisizo na maabara. Asiyefanya vitendo hatapewa alama ya somo. Filbert akauliza, "Maana yake nini, Mwalimu?" Akasema, "Maana yake mnahitaji bureti kumi na nne, mwanangu, nasi hatuna hata moja." Niliweka kichwa kwenye meza. Ile "mara mbili" niliisema mimi.

Kesho yake Mkuu alikuja. Tulisimama, tukasema shikamoo Mkuu, hakuitikia. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona kichwa. Kilikuwa na upara katikati, na hilo tu lilitosha kutuogopesha. "Wanangu," akasema, "nimewakosea. Nilitaka mheshimiwe, nimewavua nguo." Alisema angeweza kuandika barua siku hiyohiyo akakiri, lakini alikwisha kuuliza kwa mtu anayejua: akikiri sasa, shule itafutiwa kemia, na sisi kumi na wanne tutakuwa wa kwanza kukatwa. "Kwa hiyo nitaandika, wallahi nitaandika. Lakini ninyi vukeni kwanza." Akamtazama Mwalimu Leokadia, akamwuliza mbele yetu, mzee yule, "Mwalimu, tufanyeje?" Hakuna siku nyingine niliyowahi kusikia mkubwa akimwuliza mdogo vile, si enzi zile.

Mwalimu alitupeleka hospitali, sote kumi na wanne, tukasimama mlangoni kwa Mzee Benedikto. Alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Nguo ya kuazima haisitiri matako!" akasema, akajifuta machozi kwa upindo wa koti jeupe. Kisha akaacha kucheka, akatuangalia mmoja mmoja. "Mimi hadubini haitoki tena humu, daktari nusura anile nyama. Lakini mlango siufungi. Jumamosi mchana wagonjwa wa vipimo ni wachache. Njooni."

Basi mwaka wangu ndio huo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Asubuhi shamba la muhogo, kisha kunawa miguu na kushika njia. Chumba cha Mzee Benedikto kilikuwa kidogo kuliko jiko letu la bweni, kina dirisha moja linaloangalia ziwa, kinanuka dawa ya Lizoli, na ukutani aliandika kwa mkono wake: OSHA. KAUSHA. RUDISHA. Bureti ilikuwa moja, nasi kumi na wanne. Kila mtu alipewa zamu moja, na waliokuwa wakingoja walikaa kimya kwenye benchi la wagonjwa wakihesabu matone kwa vidole. Hapo ndipo tulipojifunza kwa kutazama. Ukishamwona Filbert akipitiliza tone moja na maji yote kuharibika rangi, wewe hupitilizi. Maji makali ya kupimia tulipewa na karakana ya reli, yale ya kutia kwenye betri, Mwalimu akayapunguza nguvu kwa maji ya mvua. Upande wa pili tulitumia maji ya majivu ya watengeneza sabuni wa Ujiji, na bibi mmoja aliyetuuzia akataka kujua tunayafanyia nini. Mwalimu alimpimia ya kwake na ya jirani yake, akamwonyesha kwa nini sabuni yake inaunguza mikono. Jumamosi iliyofuata bibi yule alileta wenzake watatu, kila mmoja na kibuyu chake, na yule jirani hakufurahi hata kidogo.

Mizani tuliifuata Ujiji kwa Papa Mulenda, wawili wawili, kwenye kibanda chake cha kufulia dhahabu. Mkewe alitupa mihogo ya kuchoma na chai ya tangawizi, na Papa alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. "Pumua kule," alikuwa akisema, akitugeuza shingo. "Hapa hapana kupumua." Mimi alinipenda. Alisema nina mkono wa sonara, na kwamba kama serikali itanikataa atanichukua yeye. Siku moja nikiwa napima, nikamwambia yote, kwamba mizani yake ndiyo niliyoidanganyia. Akafikiri huku anavuvia makaa. "Mizani haikudanganya," akasema. "Ilisema kweli. Ni wewe ulidanganya. Hebu pima tena." Nikapima tena.

Nimekaa kwenye vyumba vingi vya sayansi tangu wakati ule, vingine vina viyoyozi, na nimejaza fomu nyingi za kuomba vyombo kwa watu wa kila namna. Vijana wa siku hizi huniuliza nilianzaje, wakidhani nitawatajia chuo. Nawatajia benchi la wagonjwa. Nawaambia nilifundishwa na mji mzima, kila mtu kwa kile alichokuwa nacho na kwa saa alizoweza kuzipata, na hakuna aliyetudai hata asante. Mzee Benedikto alikuwa na watoto saba na Jumamosi moja tu kwa wiki kama watu wengine. Hilo sikuliwaza nikiwa na miaka kumi na saba. Naliwaza sasa, na linanijaza moyo mpaka wakati mwingine naacha kalamu.

Tulijua kazi, lakini vyombo bado. Mwezi wa kumi ulifika, na mtahiniwa mmoja bureti moja ndiyo ilikuwa sheria. Mwalimu Leokadia alianza kukonda. Jumatatu moja Mkuu hakuonekana gwaride la asubuhi, wala Jumanne, na walimu walinong'ona kwamba ameitwa kuhojiwa. Ijumaa garimoshi lilipoingia Kigoma, Filbert aliyetumwa stesheni kuchukua barua za shule alirudi mbio, kandambili mkononi, akipiga kelele kutoka getini. Tukatoka. Mkuu alikuwa anapanda mlima na kasha la mbao kichwani, yeye mwenyewe, mzee yule, amekataa kusaidiwa na wachukuzi. Aliliweka kwenye meza ya ghala la mawese na kulifungua. Ndani mlikuwa na bureti kumi na nne, kila moja imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe, na ilituchukua muda kutambua kwamba vitambaa vile vilikuwa kanzu zake, amezichana. Alikuwa amekwenda kwenye ile shule iliyopewa masanduku. Aliingia ofisini kwa mkuu mwenzake, mtu asiyemjua, mdogo kwake kwa umri, akamweleza kila kitu tangu mkeka mpaka nyuzi, kisha akaomba. Mwenzake alimkopesha kwa wiki tatu. Hayo tuliambiwa na Mwalimu Leokadia baadaye. Mkuu mwenyewe siku ile alisema tu, "Hesabuni kama zimetimia," akaenda kuoga.

Mtihani tuliufanya. Msimamizi alikuja na bahasha yake, akatugawia chupa, akasema anzeni. Nilifungua bilula, na tone la mwisho lilipoanguka rangi ikageuka na kubaki, nikaandika namba. Nilitazama meza zote, vichwa kumi na vitatu vya wenzangu vimeinama, hakuna aliyechanganyikiwa. Mwalimu Leokadia hakuruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye ngazi za nje saa zote, na tulipotoka alituuliza swali moja tu, "Ilibaki? Rangi ilibaki?" Tukamwambia ilibaki, akatukumbatia mmoja mmoja, mpaka wavulana. Matokeo yalikuja baadaye, na wengi wetu tulifaulu, mimi nikaenda kidato cha tano na kemia yangu. Lakini furaha ya ngazi zile sikuipata tena hata siku ya matokeo.

Mkuu aliandika kama alivyoapa. Aliandika wiki ileile, baada ya kurudisha vyombo, na jibu halikuchelewa. Walimwondolea ukuu, wakampeleka kuwa mwalimu wa kawaida shule ya msingi ya Mwamgongo, kule kaskazini kwenye wavuvi, ambako hakuna barabara. Serikali ilimwadhibu mtu lakini haikukumbuka kulisahihisha faili, na ndilo lililosomwa kando ya jeneza.

Siku aliyoondoka tulikwenda ufukweni, wale tuliokuwa bado mjini. Boti ilikuwa imejaa magunia ya chumvi na nyavu mpya, na mkewe alikwisha kukaa juu ya sanduku lao na mwavuli. Nilingoja wengine waage. Kisha nikamsogelea, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu.

"Mkuu," nikasema, "yule mkaguzi aliponiuliza mara ngapi. Nilisema uongo."

"Nilikusikia. Nilikuwa nyuma yako."

"Ningesema kweli siku ile, tungepewa masanduku. Na wewe usingehamishwa."

Nahodha alimwita, akamwonyesha kwa mkono angoje.

"Ungesema kweli siku ile, Tausi, ningekuchapa. Mgeni angeondoka, ningekuita ofisini, ningekuchapa kwa kuiaibisha shule." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Hilo ndilo lililonifanya niandike. Si vyombo. Ni kujua kwamba ningekuchapa."

Akavua viatu, akavishika mkono mmoja, akakunja kanzu mpaka magotini, akaingia majini kuifuata boti.